Kwa nini pampu ya mafuta ikichoka lawama huiangukia giaboksi?

Chukua gari dogo la otomatiki la miaka ya 1990, tuseme Corolla 110. Linatoka Dar es Salaam vizuri, linapita Morogoro, linapita Mikumi. Ukishaviacha vitunguu vya Ruaha Mbuyuni na kuanza kuupanda mlima Kitonga, mambo yanageuka. Unakanyaga mafuta, gari linashtuka, gia inashuka kwa kishindo, halafu nguvu haiji. Ukiachia linatulia, ukikanyaga tena ni kishindo kilekile. Aliyekaa mbele anatoa hukumu: giaboksi hiyo imekwisha.

Gari hilo lilikuwa langu, na hukumu hiyo niliitoa mimi mwenyewe kabla ya mtu mwingine. Nilimwaga haidroliki ya giaboksi nikaweka mpya, nikaanza kuulizia bei ya giaboksi iliyotumika. Haidroliki iliyotoka ilikuwa bado nyekundu na haikuwa na harufu ya kuungua. Dalili hiyo peke yake ilitosha kunisimamisha, kwa sababu giaboksi inayoteleza huunguza klachi zake za ndani, na haidroliki hugeuka nyeusi na kunuka. Kasoro yangu ilikuwa kwingine kabisa: kwenye pampu inayoipelekea injini petroli, chini ya kiti cha nyuma, ndani ya tangi.

Kilichonipoteza ni kuamini kwamba kishindo hutoka kwenye kifaa kilichoharibika. Kishindo kweli kilitoka kwenye giaboksi, lakini giaboksi ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa. Ili kuona hilo, fungua boneti utazame pale kebo ya pedeli inapoishia, kwenye throto, yaani mlango wa hewa inayoingia kwenye injini. Katika Toyota nyingi za wakati ule utaona kebo ya pili, nyembamba, inayoanzia hapohapo na kushuka hadi kwenye giaboksi. Hiyo ndiyo inayoipasha giaboksi habari za mguu wako. Kwa kifupi, giaboksi ya namna hii huamua gia kwa mambo mawili: umekanyaga kiasi gani, na gari linakwenda kasi gani. Haipimi kama injini imepata mafuta. Zile zinazoamuliwa na kompyuta hupata habari ya mguu kwa sensa ya throto, ila habari ni ileile.

Fikiria kibanda cha mama ntilie saa saba mchana. Mhudumu anapaza sauti: "Ugali kumi!" Sauti hiyo inawafikia watu wawili kwa pamoja, mpishi na kijana anayepanga sahani. Mpishi gesi imemwishia, sufuria haichemki. Kijana hana habari hiyo. Yeye kasikia kumi, anapanga sahani kumi mezani kwa haraka, zinagongana. Mteja anaziona sahani tupu, anasikia kelele, anamgombeza kijana. Lakini kijana ametii agizo. Mwenye shida ni mpishi, na shida ya mpishi ni mtungi wa gesi.

Mpishi ndiye injini, kijana ni giaboksi, mtungi ni pampu. Injini ikikosa mafuta mlimani, mwendo unapungua, nawe unakanyaga zaidi. Giaboksi inaona mguu umezama na mwendo umeshuka, inakata kauli kwamba unataka nguvu, inashusha gia. Injini nayo haina cha kutoa. Unaachia mguu, gia inapanda. Mchezo huo ukirudiwa mara tano kwenye kona tano, ni vigumu kumlaumu mtu anayeishtaki giaboksi.

Shahidi wa kweli yuko kwenye dashibodi, ikiwa gari lako lina mshale wa mizunguko ya injini. Giaboksi ikiteleza, mshale unapanda na injini inalia juu, huku gari likibaki palepale. Injini ikikosa mafuta, mshale unasitasita au unashuka hata ukikandamiza pedeli, na gari linamisi. Gia ikishuka mshale utaruka kidogo, hiyo ni kawaida. Tazama kinachofuata baada ya kuruka.

Kwa nini basi kasoro ijifiche barabara nzima ingoje Kitonga? Hapa mfano wa bomba la nyumba ya kupanga unatosha: mtu mmoja akifungua, maji yanatoka vizuri, wapangaji wote wakifungua alfajiri, yanachuruzika. Injini ya lita 1.5 gari likiwa limesimama hutumia kiasi cha lita moja ya petroli au chini yake kwa saa. Ikipanda mlima kwa nguvu, mahitaji yanakuwa zaidi ya mara kumi. Pampu iliyochoka inatosheleza ile hali ya kwanza bila taabu.

Tangini penyewe kuna jambo ambalo hadi leo linanifurahisha kulieleza. Pampu hii ni mota ya umeme, ina brashi zinazotoa cheche ndogondogo, na imezamishwa ndani ya petroli. Petroli inapita katikati ya mota yenyewe, ikiipoza na kuilainisha. Hailipuki kwa sababu petroli ya maji haiungui bila hewa, na mvuke wake huwaka pale tu unapokuwa takriban asilimia 1.4 hadi 7.6 ya mchanganyiko. Juu ya petroli, ndani ya tangi lililofungwa, mvuke ni mzito kupita kiwango hicho. Kwenye baridi kali sana, au kwa mafuta yenye ethanoli nyingi, hesabu hii hubadilika.

Kuna faida nyingine ya kuiweka humo. Pampu za magari ya kabureta zilikaa kwenye injini na kuvuta mafuta kutoka mbali, na kimiminika kinachovutwa huchemka upesi zaidi kwa sababu shinikizo lake hupungua, kama maji ya kilele cha Kilimanjaro yanavyochemka kwenye nyuzi 80 hivi. Ndiyo maana madereva wa zamani waliifunika pampu kwa kitambaa kilicholoweshwa, ili kuipoza. Pampu ya tangini haivuti kutoka mbali. Inasukuma.

Husemwa kwamba kuendesha taa ya mafuta ikiwa imewaka huua pampu. Kuna ukweli, ila usitiwe chumvi. Maadamu pampu inapata petroli, inapozwa. Hatari ni pale petroli inapokimbilia upande mmoja mlimani na pampu ikameza hewa.

Namna ya kuipima ni rahisi kuliko kuishusha giaboksi. Usitegemee kusikia mngurumo ukifungua tu swichi, maana Toyota nyingi za umri huo huendesha pampu wakati wa kupiga stata na injini ikiwaka. Tafuta kiboksi kidogo kwenye chumba cha injini chenye mfuniko ulioandikwa DIAGNOSIS. Swichi ikiwa wazi na injini imezimwa, ukiunganisha matundu yaliyoandikwa FP na +B kwa kipande cha waya, pampu inaanza. Fanya hivyo mahali pa wazi, pasipo moto wala uvujaji. Shika mpira wa mafuta karibu na filta, utausikia ukikaza. Geji ya kupimia shinikizo la mafuta itakupa jibu la uhakika zaidi: pampu nzima huonyesha karibu baa 3. Geji ikionyesha sawa hata pampu ikipata joto, angalia pia masega ya ekzosi (kichujio cha moshi, yaani katalaiza), kwani yakiziba nayo huinyima injini nguvu mlimani vilevile. Filta ya mafuta iliyoziba hufanya hivyohivyo.

Kwangu geji ilianza vizuri. Baada ya dakika kama kumi pampu ilipata joto, mshale ukaanza kushuka taratibu. Tuliinua kiti cha nyuma, tukafungua kifuniko, tukaitoa pampu. Soksi yake ya kuchujia, ambayo ikiwa mpya huwa nyeupe, ilikuwa nyeusi kama masizi. Tulibadilisha vyote viwili. Giaboksi iliyoipandisha Corolla hiyo Kitonga safari iliyofuata ni ileile niliyotaka kuitoa.