Vyeti vyako ni halali, mbona unaogopa uhakiki?

Aprili 2017, ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma ilikabidhiwa kwa Rais Magufuli pale Dodoma. Watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Aliyekuwa kazini miaka ile anakumbuka maofisi yalivyotikisika. Walioghushi walikuwa na sababu ya kukosa usingizi. Lakini hapa Arusha nilikuwa na wateja waliokosa usingizi miezi ileile, na vyeti vyao vyote vilikuwa vyao, kuanzia cha kidato cha nne hadi shahada. Walikuwa wanangoja tu siku jina lao litakaposomwa.

Mtu wa namna hiyo huwa namuuliza: wewe umeghushi nini? Aliyeghushi kweli analo jibu, hata kama hatakupa. Anajua karatasi ipi, ilitengenezwa na nani, kwa shilingi ngapi. Huyu wangu anatafuta, anakuna kichwa, halafu ananiambia, "Sijui, dokta, ila ipo siku nitaumbuka." (Mimi si daktari wa kutoa vidonge, ni mwanasaikolojia. Nimeshachoka kuwarekebisha.)

Hali hii ya kujiona feki iliandikwa rasmi mwaka 1978 na wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes. Walikuwa wamefanya kazi na wanawake zaidi ya 150, wengine wenye shahada za uzamivu, wengine wataalamu wanaoheshimika, wengine wanafunzi walioongoza madarasa yao. Wote walikuwa na ushahidi mezani, na bado waliamini wamewadanganya watu. Mwanzoni ilidhaniwa ni jambo la wanawake zaidi. Tafiti zilizofuata zikawakuta wanaume nao wamejaa, jambo ambalo mimi halinishangazi, maana wanaume wa huku wanakuja na tatizo hilihili wakiliita "presha ya kazi".

Ni asilimia ngapi ya watu wanaopitia? Mtandaoni utakutana na takwimu za kila aina. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2020, yaliyokusanya tafiti 62 zenye watu zaidi ya 14,000, yalikuta makadirio kuanzia asilimia 9 hadi 82 kutegemea kipimo kilichotumika. Kwa upana huo, mimi sitaji asilimia yoyote. Nasema ni wengi, inatosha. Na si ugonjwa: haimo kwenye miongozo ya kimataifa ambayo madaktari hutumia kutambua maradhi ya akili. Ila inaweza kutembea pamoja na sonona au wasiwasi uliopitiliza, kwa hiyo kama chakula hakishuki, usingizi umekata wiki kadhaa au unawaza kufa, acha kusoma blogu na uende hospitali leo.

Sasa tuje kwenye jambo linalowashangaza wengi: kwa nini mafanikio hayaiponyi? Mtu anapandishwa cheo, na hofu inapanda naye.

Chukua daftari la kikoba ambalo katibu wake ana tabia moja ya ajabu. Faini na madeni yako anayaandika kwa jina lako, kwa wino mwekundu. Hisa unazonunua anaziandika kwa jina la jirani. Ununue hisa miaka kumi, siku ya kuvunja kikoba utaambiwa huna kitu, na daftari litakuwa na ushahidi. Ndivyo kichwa cha mtu huyu kinavyofanya hesabu. Akikosea, "mimi sina akili." Akifaulu, ni bahati, ni zali, nilibebwa, mtihani ulikuwa mwepesi, bosi ana huruma.

Hata bidii yake inageuzwa kuwa ushahidi dhidi yake. Mwongoza watalii mmoja (habari za watu humu nimezichanganya makusudi, usijaribu kumtafuta mtu) alikuwa anakesha na kitabu cha ndege kila anapokuwa na safari ya Tarangire. Hifadhi ile ina aina zaidi ya 500 za ndege. Wageni wanamsifia, wanaomba wapewe yeye tena mwakani. Yeye anasema, "Wazungu wanasifia kila kitu." Na anaongeza kwamba angekuwa mjuzi wa kweli asingehitaji kukesha. Yupo na wa aina ya pili, anayeahirisha mpaka usiku wa mwisho, anaandika ripoti kwa masaa matatu, inapokelewa vizuri. Huyu anasema ni zali tu. Clance aliueleza mzunguko huu vizuri: kazi inakuja, hofu inapanda, mtu anajiandaa kupita kiasi au anaahirisha, anafaulu, anapumua siku mbili, halafu anaugawa ushindi wake. Wa kwanza anaupa jasho, wa pili anaupa bahati. Hakuna anayeuweka kwenye jina lake.

Haya yanafanana popote duniani. Yapo mengine ambayo nadhani sisi tunayaongezea wenyewe.

La kwanza ni Kiingereza. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali amesoma kwa Kiswahili miaka saba, ananyoosha kidole, anajibu. Kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza na mdomo unafungwa. Hajapungukiwa akili, amepungukiwa maneno. Lakini nani alimwambia hivyo? Wenzake walimcheka "Kiingereza cha kuombea maji", naye akahitimisha kuwa zile akili za darasa la saba hazikuwa akili. Miaka kumi na tano baadaye yuko kwenye kikao hapa mjini, mji wenye makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika, mwenzake kutoka Nairobi anamwaga maneno bila kushika breki, naye ana hoja nzuri kuliko ya mwenzake lakini anaitafsiri kwanza kichwani. Akimaliza kuitafsiri, kikao kimehamia ajenda nyingine. Anarudi nyumbani na uthibitisho mpya wa ufeki wake. Mtu wa hivi namwomba anieleze hoja ileile kwa Kiswahili, kwa urefu apendao, na namrekodi kwa simu yake mwenyewe akikubali. Akijisikiliza, huwa anakaa kimya kidogo. Kisha namwambia akajifunze Kiingereza cha vikao, kwa sababu hilo nalo ni pengo la kweli na lina mwalimu wake.

La pili ni kulinganisha. Mtoto aliyekuwa wa kwanza kwenye kata yao anachaguliwa Ilboru, shule ya wenye vipaji maalumu, anakuta kila aliye pembeni yake alikuwa wa kwanza kwao. Katika darasa la namna hiyo, nusu lazima wawe nusu ya chini. Mtafiti Herbert Marsh ameonyesha tangu miaka ya 1980 kwamba wanafunzi wenye uwezo sawa hujiona dhaifu zaidi wakiwa kwenye shule za wenye uwezo mkubwa. Uwezo ni uleule, aliyebadilika ni anayekaa dawati la jirani.

La tatu ndilo zito, nalo ni adabu yetu. Mtoto wa huku halelewi kujisifu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nenda kwenye sherehe yoyote ya mahafali: mhitimu atamshukuru Mungu, wazazi, mjomba aliyelipa ada, mchungaji, jirani. Hatasema "nilisoma". Akisema, wataambiana anajimwambafai. Mimi sina ugomvi na shukrani hizo, nami nilizitoa. Shida inaanza pale maneno ya adabu yanapochukuliwa kama taarifa kamili. Mtu akiniambia "ni Mungu tu", namuuliza: Mungu alikusaidia kufanya nini? Hapo vitenzi vinaanza kutoka. Kuamka saa kumi alfajiri. Kurudia hesabu za mitihani iliyopita. Kumfuata mwalimu nyumbani kwake Jumamosi. Shukrani inabaki palepale, na yeye anaanza kuonekana ndani yake.

Kuna mteja ambaye swali hilo halikumgusa kabisa. Ni mhasibu, kwao mlimani upande wa Meru. Alinijibu kwamba dada yake alikuwa na akili kumzidi, lakini ada ilikuwa ya mtoto mmoja, dada akaishia darasa la saba, sasa anauza nyanya. "Kiti hiki ni chake, dokta." Wanasaikolojia wenye haraka wangemwambia huo ni mtazamo hasi. Si mtazamo, ni habari ya kweli, na kumkatalia ingekuwa kumdanganya. Bahati ipo, na wengi wetu tuliosoma tumesimama juu ya mtu aliyebaki. Nilichomwomba ni kutenganisha mambo mawili: nafasi ya kwenda shule ilikuwa bahati, mtihani wa bodi ya wahasibu haukuwa bahati. Alichokuwa anakiita ufeki kilikuwa huzuni na deni. Deni kwa dada linaweza kushughulikiwa: anasomesha mtoto wa dada sasa, na wanazungumza. Ufeki usingeshughulikiwa, kwa sababu haukuwapo.

Niseme pia kwamba si kila anayejiona mgeni ofisini ana tatizo kichwani mwake. Mhandisi mwanamke anayetumwa chai kila kikao, huku michoro yake ikiwasilishwa na mwingine, hahitaji mimi nimrekebishie kujiamini. Ofisi yake ndiyo inayomwambia kila siku kuwa hatoshi. Ukimtuma kwa mshauri nasaha na ofisi ukaiacha ilivyo, umemwongezea mzigo.

Kwa wengine, zoezi ninalolipenda linatoka kwa Clance na Imes wenyewe. Orodhesha watu wote unaoamini umewadanganya. Halafu, kwa kuwazia, mfuate mmoja mmoja umwambie: nilikudanganya, mimi sijui kitu. Mwambie msimamizi wa tasnifu. Mwambie mtahini wa nje, aliyetoka chuo kingine, hakujui, na alikuhoji karibu saa mbili. Angekujibu nini? Wengi hucheka hapo, kwa sababu wanagundua ili wao wawe feki, inabidi profesa yule mkali awe mjinga.

Zoezi la pili ni la wale wanaojiandaa kupita kiasi. Chagua kazi ndogo isiyoweza kumfukuzisha mtu. Andika kwenye karatasi unachotabiri kitatokea ukijiandaa nusu ya kawaida yako: nani atagundua, atasema nini. Kisha fanya hivyo, na urudi na karatasi tusome pamoja. Yule mwongoza watalii aliandika kwamba mgeni mmoja angalau atalalamika kwa kampuni. Akalala saa nne usiku badala ya kukesha. Wiki iliyofuata alirudi na karatasi yake, hakuna aliyelalamika, na bahashishi ilikuwa ileile. Akaniambia zoezi halihesabiki, kwa sababu wageni wa safari ile walikuwa hawajali ndege, walitaka tembo tu. Nikamwomba aiandike sentensi hiyo chini ya karatasi ileile, kwa wino mwekundu.