Kimbunga cha tropiki, na kile kilichopiga Unguja mwaka 1872

Mwanafunzi wa skuli akiulizwa kimbunga ni nini, mara nyingi hujibu "upepo mkali sana". Jibu hilo halitoshi. Kusi nayo huvuma kwa nguvu, na masika huja na dhoruba zinazoezua mapaa, lakini hivyo si vimbunga. Kimbunga cha tropiki ni mfumo mmoja mkubwa wa mawingu, mvua na upepo unaozunguka mahali penye mgandamizo mdogo wa hewa, na upana wake hufika mamia ya kilomita. Katika upande wetu wa Bahari ya Hindi, upepo ukifika kilomita 63 kwa saa ni dhoruba ya tropiki. Hakiitwi kimbunga mpaka ufike kilomita 118.

Nguvu yake hutoka baharini. Maji yakiwa na joto la nyuzi 26 au 27 na zaidi, hewa yenye unyevu hupanda, unyevu ule hugeuka mawingu na kutoa joto jingine, na hewa mpya huvutwa kutoka pembeni kujaza nafasi. Mzunguko wa dunia ndio unaoipinda hewa hiyo ikazunguka, na huku kusini ya Ikweta huzunguka kufuata mshale wa saa. Katikati kuna jicho, ambamo upepo hutulia. Hapo ndipo penye hatari kwa asiyejua: hutoka nje akidhani yamekwisha, kisha upepo hurudi kutoka upande wa pili.

Karibu na Ikweta nguvu hiyo ya kupinda ni ndogo mno. Pemba iko karibu na nyuzi 5 kusini na Unguja karibu na nyuzi 6, ndiyo maana vimbunga vingi hutuacha vikaelekea Madagaska na Msumbiji. Nadra, lakini si muhali.

Tarehe 15 Aprili 1872, wakati wa Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, kimbunga kiliipiga Unguja. Vyombo vilivunjika bandarini, na sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa ikang'oka. Pemba, ng'ambo ya mkondo wa kilomita 50 hivi, haikuumia sana. Na mkarafuu hauponi kwa msimu mmoja: mche uliopandwa leo hungojewa miaka sita hadi minane ndipo uchumwe. Karafuu zikaadimika, bei ikapanda, na wenye mashamba wakaelekeza macho Pemba. Tangu hapo Pemba ndiyo inayotoa karafuu nyingi zaidi.

Hapa ndipo somo la kimbunga linapokutana na somo la uhamaji, na mimi naona yafundishwe pamoja. Karafuu zinataka mikono mingi kwa muda mfupi: kupanda mti, kuchuma, jioni kukaa kuchambua vikonyo, kisha kuanika juani siku kadhaa huku jicho liko mawinguni, maana mvua moja huharibu kazi yote. Mikono hiyo ilitoka wapi? Wengi waliletwa wakiwa watumwa. Mkataba wa 1873 kati ya Barghash na Waingereza ulipiga marufuku biashara ya watumwa baharini, lakini watu waliendelea kuvushwa kwa siri hadi Pemba. Huo ni uhamaji wa kulazimishwa. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, mashamba yaliendelea kuhitaji wachumaji, na watu wakawa wanavuka kutoka Unguja kila msimu kutafuta ujira. Huo ni uhamaji wa hiari, wa muda, unaovutwa na kazi.

Ongezeko la watu nalo linaingia humo humo. Kimbunga huwa maafa kinapokuta watu na mali zao. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar. Ile ya 2022 ikahesabu 1,889,773, na karibu nusu yao wako Mkoa wa Mjini Magharibi pekee. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilisogea hadi karibu na Mafia kikiwa kimepungua nguvu, kusini ya Unguja.