Seli zinazokiacha kisima mapema

Nikisema nafanya utafiti wa ugonjwa wa Huntington, ugonjwa wa kurithi unaoua seli za ubongo, swali huwa ni lile lile: kama mtu amezaliwa na jeni yenye kasoro, mbona anakaa hata miaka 40 akiwa mzima, anafanya kazi, analea watoto, ndipo mikono ianze kucheza yenyewe? Zamani nilikuwa na jibu jepesi. Protini mbovu hujirundika polepole, na siku ikifika seli za neva huelemewa. Siku hizi jibu hilo halinitoshi.

Protini yenyewe inaitwa hantingtini. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya 4, na ilibainishwa mwaka 1993. Karibu na mwanzo wa jeni hiyo, herufi tatu za DNA, yaani C-A-G, hujirudia rudia kama santuri iliyokwama. Wengi wetu tuna marudio yasiyofika 27. Kati ya 36 na 39 ugonjwa huenda ukaja, huenda usije. Kuanzia 40 utakuja, mtu akijaliwa umri. Kila C-A-G huongeza glutamini moja, yaani tofali moja la kujengea protini, kwenye hantingtini, na nakala moja mbovu, iwe ya baba au ya mama, inatosha.

Tulichokuwa tukisahau ni kwamba hantingtini ina kazi tangu tumboni. Mwaka 1995 watafiti waliiondoa kabisa kwa panya, na vijusi vikafa mapema mno, hata ubongo haujaanza kuumbika.

Kazi gani hiyo? Gamba la ubongo wa kijusi huanza kama ukuta uliozunguka uwazi wenye maji. Ndani ya ukuta huo seli mama zimesimama kama nguzo nyembamba, mguu ukigusa maji, kichwa kikielekea nje. Kiini cha kila seli hakitulii. Hupanda juu kunakili DNA, kisha hushuka mpaka kwenye maji, na huko ndiko seli inakogawanyika. Hushuka na kupanda kama ndoo ya kisimani. Seli zikigawanyika mara nyingi, neva zitakuwa nyingi. Seli ikiacha kisima mapema na kugeuka neva, ukoo wake umeishia hapo.

Mwaka 2020 kundi la mtafiti Sandrine Humbert, Ufaransa, lilichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa tishu za vijusi vichache vya wiki 13 vilivyobeba kasoro hii. Hantingtini haikukaa mahali pake kwenye ule mguu wa seli. Protini zinazoshikiza seli na jirani zake nazo zilikuwa zimehama, mzunguko wa kugawanyika ulivurugika, na seli zilielekea kuwa neva kabla ya wakati. Wiki 13! Mama mwenyewe bado hajasikia mtoto akicheza.

Mimi huyaangalia haya kwenye sahani za maabara. Tunachukua seli za ngozi za wagonjwa na za wasio wagonjwa, tunazirudisha kuwa seli shina, yaani seli zinazoweza kugeuka za aina nyingi, kisha tunaziongoza ziwe seli mama za neva, nazo hujipanga zenyewe kama petali za ua kuzunguka tundu dogo la katikati. Kazi yangu ni kuhesabu viini vinavyogawanyika kando ya tundu. Mara ya kwanza nilihesabu nikijua sahani ipi ni ya mgonjwa, na tofauti ikawa kubwa ya kupendeza. Nikaambiwa nifunike majina nirudie. Tofauti ikanywea. Haikutoweka, lakini tangu siku hiyo macho yangu siyaamini.

Je, hitilafu ya tumboni ndiyo inayomwangusha mtu ukubwani? Kwa panya, dalili zipo. Mwaka 2016 ilionekana kwamba panya waliokuwa na hantingtini mbovu mpaka siku ya 21 tu baada ya kuzaliwa, kisha ikazimwa, bado waliugua walipokua. Na mwaka 2022 panya wachanga walipopewa dawa ya kuamsha mawasiliano ya neva katika wiki ya kwanza ya maisha, dalili za baadaye zilichelewa.

Wapo wanaovutia upande mwingine, na hoja yao ni nzito. Utafiti wa mwaka 2025 ulionyesha kwamba ndani ya neva fulani za ubongo marudio ya C-A-G huendelea kurefuka kwa miongo, na seli haidhuriki mpaka yapite takriban 150. Kwa hesabu hiyo, jeni iliyorithiwa karibu haina madhara kwa miaka mingi. Mimi nadhani pande zote mbili zimeshika kitu: neva zilizojengwa kwa haraka huweza kufanya kazi vizuri, ila akiba yao ni ndogo marudio yanapofika huko juu. Hii ni dhana yangu, sijaithibitisha.

Kinachoninyima usingizi ni ile wiki ya kwanza ya panya. Kwa hatua za ubongo, inakaribia miezi ya mwisho ya mimba kwa binadamu. Nani atampa dawa mtoto aliye tumboni, ambaye ana miaka 40 ya uzima mbele yake?