Kadi moja ya mtandao, kazi tatu kwenye 486

Kompyuta yangu ya zamani yenye prosesa ya 486DX2 ya megahezi 66 ilinijia kama zinavyokuja nyingi: kava limepauka rangi ya chai ya maziwa, na aliyenipa akiapa kwamba "ilikuwa inawaka". Sikuichomeka. Nilifungua kava nikatafuta kipipa cha buluu kilicholehemiwa pembeni mwa ubao mama. Hiyo ni betri ya nikeli-kadimi inayotunza saa na mipangilio. Ikizeeka huvuja, na majimaji yake hula njia za shaba taratibu mpaka ubao unakufa. Wengi huanza kwa kuongeza kumbukumbu. Mimi nasema ng'oa betri kwanza, hata kama inaonekana nzima.

Yangu ilikuwa imeshaanza kutoa ukungu wa kijani. Majimaji yale ni alikali, kwa hiyo nilipitisha siki kwa pamba, nikasafisha kwa spiriti, nikaacha ikauke siku nzima. Mahali pake nikaunga kishikio cha betri tatu za AA kwa waya mrefu, chenye diodi njiani, kijisehemu kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu. Usiisahau hiyo diodi: ubao ulizoea kuichaji betri yake ya zamani, na betri za kawaida hazitaki kuchajiwa. Ukirudisha plagi mbili za umeme za AT, waya nyeusi zikutane katikati. Ukizibadilisha nafasi, kwaheri ubao.

Kumbukumbu ilikuwa kazi ndogo. Vibao vya pini 30 hupachikwa vinne kwa vinne, kwa sababu kila kimoja kina biti 8 na 486 husoma biti 32 kwa pamoja. Vinne vya MB 4 vikanipa MB 16. Kwa DOS, mfumo endeshi wa zamani wa kuandika amri, hiyo ni shibe.

Shida ilikuwa diski. Ile ya asili ilikuwa inalia kama kinu cha kahawa, nikaweka kadi ya CompactFlash ya GB 4 kwenye adapta ya IDE, njia ya zamani ya kuunganisha diski. Kadi hizi huelewa lugha ya IDE zenyewe, kwa hiyo adapta ni waya na soketi tu. Ila BIOS yangu ya zamani, programu ya ubao inayoiamsha mashine, huhesabu silinda 1024, vichwa 16 na sekta 63, basi. Zidisha hizo kwa baiti 512 upate kama MB 528. Zilizobaki haizioni.

Hapa ndipo kadi ya mtandao inapoingia. Nilikuwa na nakala ya NE2000, kadi ya ISA (aina ya zamani ya nafasi za kadi) ya megabiti 10 kwa sekunde yenye tundu la RJ45. Kadi za aina hii mara nyingi zina soketi tupu ya chipu ya ROM, iliyowekwa kwa ajili ya kompyuta zisizo na diski, ziwake kutoka kwenye seva. Mle ndani nikapachika chipu yenye XTIDE Universal BIOS, programu ya bure inayoshika usukani wa diski kabla DOS haijaamka. Chipu ya kwanza niliichoma mara mbili: mara ya kwanza kwa kuiandikia programu, mara ya pili kwa kuipachika kinyume. Ya pili ilikubali. GB 4 zote zikaonekana, nikazigawa mara mbili kwa sababu FAT16, mpangilio wa faili wa DOS, haivuki GB 2 kwa kila sehemu.

Kisha mtandao wenyewe. Kadi ilikuja ikitumia IRQ 3, namba ileile ambayo COM2, tundu la kuunganishia vifaa kama kipanya, hutumia kumbishia hodi prosesa. Kipanya changu kilikuwa COM2, na kila faili liliposafiri kipanya kiliganda. Nikaihamishia kadi IRQ 10, nikaandika kwenye AUTOEXEC.BAT, faili la amri ambazo DOS huzitekeleza kila inapowaka:

NE2000 0x60 10 0x300

Hiyo inapakia draiva. Juu yake nikaweka mTCP ya Michael Brutman, mkusanyiko wa programu za mtandao za DOS, ambao ndani yake mna DHCP ya kuomba anwani, FTP ya kuhamisha faili, telnet na vingine. Ruta ilitoa anwani mara moja. Kama swichi yako ni ya kisasa sana, hakikisha bado inakubali kasi ya 10. Baadhi ya matundu ya kasi kubwa yameiacha.

Usitarajie kuperuzi tovuti za leo. Usimbaji wake unahitaji programu ambazo DOS haina na hesabu ambazo 486 haiziwezi kwa raha. Mimi huwasha FTPSRV, seva ya FTP ya mTCP, kwenye 486, nikarusha faili kutoka kompyuta mpakato. Disketi nimezistaafisha. Lakini FTP haifichi nywila, kwa hiyo iishie ndani ya nyumba, usiifungulie mlango wa nje.

Kazi ya tatu niliigundua baadaye. Saa ya ubao huu hupoteza dakika kadhaa kwa wiki, na mTCP ina SNTP, programu ya kuuliza saa mtandaoni. Niliweka SET TZ=EAT-3, yaani saa za Afrika Mashariki, nikaongeza mstari mmoja chini ya DHCP. Sasa mashine ikiwaka huuliza saa kwa seva za nje, inajirekebisha, ndipo inaonyesha C:\>.