Gwaride la fasili, aya tano na "mtafiti": dhana potofu kuhusu uandishi wa kitaaluma

Wanafunzi wengi hufika chuo kikuu wakiwa wanajua kuandika insha. Shida ni kwamba insha wanayoijua ni ile ya shule, inayofunguliwa kwa methali, kupambwa kwa misemo na kusahihishwa kwa ufasaha wake. Chuoni swali linabadilika bila mtu kukuambia kwamba limebadilika. Anayesahihisha anataka kujua unadai nini na una ushahidi gani. Kwa kuwa hilo halisemwi waziwazi, pengo linajazwa na maelekezo ya kupeana hosteli, kutoka kwa kaka na dada wa mwaka wa tatu na kwenye madesa (maandishi ya masomo yanayorithishwa) ya miaka iliyopita. Baadhi ya maelekezo hayo ni mazuri. Mengine ndiyo yanayowapa watu sapu, yaani mtihani wa marudio.

"Anza kwa mbali, uingie taratibu"

"Tangu enzi na enzi binadamu amekuwa akitumia lugha katika mawasiliano." Sentensi hii haina kosa la kisarufi, ila haina kazi yoyote. Ikishapita, linafuata gwaride la fasili: TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, 2004) wanasema hivi, mtaalamu wa pili anasema vile, wa tatu ameongeza neno moja, kisha mwanafunzi anafunga kwa "Kwa ujumla tunaweza kusema kuwa..." na kuzishona zote pamoja. Kufikia hapo, kati ya kurasa nne ulizopewa, moja na nusu imekwenda na hujasema kitu ambacho mtu anaweza kukupinga.

Fasili ina mahali pake pale maana ya neno inapogombaniwa, au pale hoja yako inapoegemea maana moja na kuiacha nyingine. Nje ya hapo, msomaji wako ni mhadhiri wa somo hilohilo. Anajua lugha ni nini.

Tuchukue swali ambalo wanafunzi wa Kiswahili hawalikosi: "Jadili usanifishaji wa Kiswahili katika Afrika Mashariki." Utangulizi wa kawaida husema: "Insha hii itajadili maana ya usanifishaji, historia yake, faida na hasara zake, na mwisho hitimisho." Hii ni orodha ya yaliyomo, na inaweza kutumika kwa swali la ukame au la ndoa za utotoni kwa kubadilisha neno moja tu. Sasa soma hii:

"Uamuzi wa mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 wa kukifanya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu uliwarahisishia watawala wa kikoloni kazi ya kuchapa vitabu vya shule, lakini uliiacha nje ya darasa lahaja ya Kimvita pamoja na ushairi wake."

Kiunguja ni lahaja ya Unguja, na Kimvita ni ya Mombasa. Ndani ya sentensi moja kuna tukio, mwaka, mahali na dai. Tena dai lenyewe linabishika. Mtu anaweza kukujibu kwamba mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalichapwa mwaka 1940, miaka kumi baada ya Kamati ya Lugha kuanza kazi ya usanifishaji kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Basi Kimvita kiliachwa nje ya kitu gani hasa? Hapo ndipo insha inapopata kazi ya kufanya. Itakubidi utofautishe kuchapwa kwa diwani na kuingia kwa lahaja kwenye kitabu cha darasa la nne.

Dai likishasimama, linakusaidia pia kujua cha kuacha. Wamisionari Krapf wa Mombasa na Steere wa Zanzibar hawaingii kwa sababu eti kila desa linawataja. Wanaingia kwa sababu wamisionari wa Mombasa walikitetea Kimvita na wale wa Zanzibar walikitetea Kiunguja, na mvutano huo ndio uliofika mezani mwaka 1928. Tarehe zao za kuzaliwa hazina kazi hapa.

"Insha ni aya tano"

Utangulizi, hoja tatu, hitimisho. Kwa mtihani wa dakika arobaini mpangilio huu unaokoa, sina ugomvi nao. Ugomvi unaanza pale mtu mwenye hoja mbili nzito anapotafuta ya tatu ya kubumba ili hesabu itimie. Idadi ya aya inafuata hoja. Kipimo ni rahisi: badilisha nafasi ya aya ya pili na ya nne. Kama hakuna kilichoharibika, hujajenga hoja, umepanga orodha. Katika hoja, aya ya tatu haiwezi kueleweka kabla ya ya pili, kwa sababu imesimama juu yake.

"Usithubutu kuandika 'mimi'"

Dhana hii imezaa kiumbe wa ajabu kwenye ripoti zetu anayeitwa "mtafiti". "Mtafiti aliwahoji wauza samaki ishirini." "Mtafiti alikumbana na changamoto ya usafiri." Ukisoma haraka unaweza kudhani anasimuliwa mtu mwingine, kumbe ni mwandishi mwenyewe.

Moja ya makala za kisayansi zinazojulikana zaidi duniani kutoka Tanzania imeanza kwa nafsi ya kwanza. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu katika sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kuyaacha yapoe, ndipo uyaweke kwenye friza. Akahofia kukosa nafasi, akayaingiza yakiwa ya moto. Saa moja na nusu baadaye ya kwake yalikuwa yameganda, ya mwenzake aliyeweka maziwa yasiyochemshwa bado hayajaganda. Alipouliza, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, akamuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka, akaenda kupima.

Makala yao ilitoka mwaka 1969 katika jarida la *Physics Education*. Ni fupi, kurasa chache tu. Mpemba anasimulia kwanza, kwa "I" ya Kiingereza, alichokifanya na alichokiona. Kisha Osborne anaeleza majaribio ya maabara. Hakuna aliyeikataa kwa sababu ya nafsi.

Kinachokatazwa, kwa haki, ni "mimi" inayokaa mahali pa ushahidi: "Mimi naona usanifishaji ulikuwa mbaya." Lakini "Niliwahoji wauza samaki ishirini katika soko la Feri" ni taarifa ya kazi iliyofanyika, na ni wazi zaidi kuliko "mahojiano yalifanyika", ambayo haisemi nani aliyafanya. Mwongozo wa APA (Chama cha Saikolojia cha Marekani), unaotumiwa sana kupanga uandishi na marejeleo, wenyewe unashauri mwandishi ajitaje kwa nafsi ya kwanza anapoeleza alichofanya. Isipokuwa kama mwongozo wa idara yako unataka "mtafiti". Hapo andika "mtafiti" na mambo yaishe, alama ni zako.

"Matokeo lazima yakubaliane na nilichotarajia"

Tubaki na Osborne kidogo. Fundi wa maabara aliyepewa kazi ya kupima alirudi na jibu kwamba kweli maji ya moto yametangulia kuganda, akaongeza kwamba watarudia jaribio mpaka wapate matokeo sahihi. Osborne aliliandika hilo ndani ya makala, na nadhani alifurahi kuliandika.

Wanafunzi wengi wa mwaka wa mwisho wanaishi na fundi huyo kichwani. Walitarajia kwamba wanafunzi wenye simu janja wanafeli zaidi, takwimu zikakataa, basi wanaanza kuhangaika na dodoso. Hakuna haja. Nadharia tete, yaani dhana uliyoanza nayo kabla ya kupima, ikikataliwa na data ni matokeo halali. Eleza ulitarajia nini, umepata nini, na ni sababu zipi zinaweza kueleza tofauti hiyo. Hata suala la Mpemba halijafungwa: mwaka 2016 watafiti walichapa katika *Scientific Reports* makala wakisema vipimo vyao havikuonyesha ushahidi wa kuaminika kwamba maji ya moto hupoa haraka kuliko ya baridi. Makala ya 1969 haijapoteza thamani kwa hilo. Iliuliza swali vizuri kiasi kwamba watu bado wanalipima.

"Nikibadilisha maneno, si wizi tena"

Hapa ndipo penye ajali nyingi, na nyingi hazina nia mbaya. Chukulia kitabu kimeandika: "Wamisionari wa Mombasa walikipendelea Kimvita, ilhali wale wa Zanzibar walikipigia debe Kiunguja." Mwanafunzi anaandika: "Wamishenari waliokuwa Mombasa walikipenda Kimvita, na waliokuwa Unguja walikiunga mkono Kiunguja." Mifupa ni ileile, nguo tu ndizo zimebadilishwa. Ukiiandika hivyo bila chanzo ni wizi wa kitaaluma moja kwa moja. Na hata ukitaja chanzo, bado ni sentensi ya mwandishi wa kitabu uliyoipaka rangi.

Njia inayofanya kazi ni kufunga kitabu kwanza. Soma, funga, subiri kidogo, kisha andika ulichoelewa kwa ajili ya hoja yako: "Kila misheni ilitetea lahaja ya mahali ilipoweka makao yake." Halafu fungua kitabu uhakiki hujapotosha, na taja chanzo, kwa sababu wazo bado ni la mtu.

Na ile asilimia ya Turnitin inayowanyima watu usingizi? Programu hiyo inapima kufanana kwa maandishi. Haijui nani ameiba. Insha yenye nukuu zilizofungwa vizuri na orodha ndefu ya marejeleo inaweza kuonyesha asilimia kubwa bila kosa lolote, hasa kama aliyeipitisha hakuziondoa nukuu na marejeleo kwenye hesabu. Insha iliyotafsiriwa aya kwa aya kutoka Kiingereza inaweza kutoka na asilimia ndogo ilhali yote ni ya wizi. Kwa hiyo mhadhiri makini hufungua ripoti aangalie ni kitu gani kimefanana.

Kuna ndugu wa dhana hii: kwamba nukuu zikiwa nyingi insha inakuwa na uzito. Aya yenye nukuu tatu na "hivyo basi" moja ni ya wale watatu. Baada ya kila nukuu, sema inathibitisha nini katika dai lako, au inapungukiwa wapi.

"Wikipedia ni haramu"

Kuitaja kama chanzo, ndiyo, wahadhiri wengi wanakataa. Kuisoma ili upate picha na kushuka chini kwenye vyanzo vyake ni busara. Nenda kwenye kitabu au makala iliyotajwa pale, isome, kisha taja hiyo. Usitaje kitabu ambacho hujakifungua.

Kwa programu za akili bandia, tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, hatari kubwa imekuwa marejeleo ya kubuni: jina la mwandishi linaloaminika, mwaka unaoaminika, jarida lipo kweli, ila makala haipo. Tafuta kila chanzo kwa kichwa chake kabla hujakiingiza. Na kama chuo chako kina sheria kuhusu programu hizi, isome kabla ya kukabidhi kazi.

"Lugha ngumu ndiyo ya kitaaluma"

"Ni dhahiri shahiri pasi na shaka yoyote kwamba..." Kama ni dhahiri, liseme tu. Istilahi za fani zitumie kwa usahihi. Mengine yaandike kama unavyomweleza mwanafunzi mwenzako mwenye akili ambaye hakuhudhuria kipindi.

"Unaanza na ikisiri, unamaliza na hitimisho"

Ikisiri ni ule muhtasari mfupi unaotangulia makala. Huo ni mpangilio wa msomaji. Wa mwandishi ni mwingine. Kwenye makala ya utafiti, sehemu iliyo rahisi kuanza nayo ni mbinu, kwa sababu unajua ulichofanya. Kisha matokeo, kisha mjadala. Utangulizi unauandika upya ukishajua makala imefika wapi. Ikisiri huandikwa mwisho, na lazima iwe na matokeo yenyewe. Ikisiri inayosema "matokeo yamejadiliwa" imemnyima msomaji kitu pekee alichokifuata. APA inaiweka ikisiri ndani ya maneno 250, na majarida mengi yana kikomo chao.

Tahadhari moja: mgawanyo wa utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala ni wa makala yenye data uliyoikusanya. Insha ya kurasa nne kuhusu usanifishaji haihitaji "Sura ya Tatu: Mbinu za Utafiti", hata kama desa la mwaka jana lilikuwa nayo.

"Marejeleo ni ya mwisho, nitayapanga usiku wa kukabidhi"

Ukifanya hivyo utajikuta saa saba usiku unatafuta ukurasa wa kitabu ulichokwisha rudisha maktaba. Andika chanzo na ukurasa siku ileile unapochukua nukuu.

Halafu angalia toleo. Mtindo wa APA ulianza mwaka 1929 na sasa uko kwenye toleo la 7, lililotoka 2019. Toleo hilo limeondoa mji wa mchapishaji, lakini wanafunzi wengi bado wanaandika "Dar es Salaam: TUKI" kwa sababu karatasi ya maelekezo waliyorithi ni ya zamani. Kama idara haijasema toleo, uliza. Kama imesema la 6, mji unabaki.