Jiwe lililorushwa halibebi nguvu ya mkono

Kuna mchoro mmoja ambao nimeusahihisha kila mwaka tangu nianze kufundisha fizikia. Mpira umerushwa juu na umekwisha kuondoka mkononi, na mwanafunzi amechora mishale miwili: mmoja wa kwenda chini, ulioandikwa "uzito", na mwingine wa kwenda juu, ulioandikwa "nguvu ya mkono". Wiki iliyopita niliukuta tena katika daftari la mwanafunzi wa kidato cha tatu ambaye hukokotoa milinganyo yote ya mwendo bila kukosea, nikaona kwamba alama ya mkasi haitoshi na jambo hili linastahili kuelezwa kwa kirefu.

Dhana yenyewe inadai kwamba mkono hulipatia jiwe nguvu, jiwe likapaa nayo huku ikipungua kidogo kidogo, mpaka kileleni ikalingana na uzito, kisha uzito ukashinda na jiwe likaanguka. Lugha yetu ya kila siku inaisaidia dhana hiyo, kwa maana mtoto anayetungua maembe husema jiwe "limeishiwa nguvu" linapogeuka kabla ya kufika tawini, na neno hilohilo "nguvu" hutumika kwa kani, kwa nishati na kwa uwezo wa misuli. Wanazuoni wakubwa nao walipita hapo: John Philoponus wa Alexandria katika karne ya 6, na Jean Buridan wa Paris katika karne ya 14, walifundisha, kila mmoja kwa namna yake, kwamba mrushaji hutia ndani ya kitu msukumo ambao kitu hicho huendelea kuubeba. Kwa hiyo simlaumu mwanafunzi kwa kuanzia hapo. Ninatulaumu sisi walimu tunaomwacha hapo kwa sababu tu majibu ya hesabu zake yametoka sawa.

Kani ni tendo la kitu kimoja juu ya kingine, na mara vidole vinapoliachia jiwe, mkono hauna tena njia ya kulisukuma. Jiwe linaondoka na mwendo, na mwendo hauhitaji kani ili uendelee, bali kani huhitajika ili mwendo ubadilike. Tukiweka kando ukinzani wa hewa, ambao kwa jiwe lililorushwa kwa mkono ni mdogo, kani iliyobaki ni moja tu, yaani uzito, nayo huelekea chini wakati jiwe linapopanda, linapofika kileleni na linaposhuka.

Hapo kileleni ndipo kosa hili linapozaa jingine, kwani mwanafunzi huandika kwamba mchapuko, yaani kadiri mwendo unavyobadilika kila sekunde, ni sifuri kwa kuwa jiwe limesimama. Chukua jiwe lililorushwa wima kwa mwendokasi wa mita 19.6 kwa sekunde. Baada ya sekunde 1.5 linapanda kwa mita 4.9 kwa sekunde, baada ya sekunde 2 liko kileleni, na ikitimia sekunde 2.5 linashuka kwa mita 4.9 kwa sekunde. Katika sekunde hiyo moja inayozunguka kilele, mwendo umebadilika kwa mita 9.8 kwa sekunde, sawasawa na ulivyobadilika katika sekunde nyingine yoyote ya safari. Kama mchapuko ungekuwa sifuri pale juu na kubaki hivyo, jiwe lingening'inia hewani na lisingerudi kamwe.

Ushauri ninaousisitiza darasani, hata wanafunzi wakachoka kuusikia, ni kwamba kila mshale wa kani uwe na mwenyewe. Kabla ya kuuchora, taja kitu kinachosukuma au kuvuta wakati huohuo, si kilichosukuma zamani, na mshale usio na mwenyewe ufutwe.

Madai mengine yana majibu mafupi. Kwamba kizito huanguka upesi kuliko chepesi: kitu chenye tungamo (kiasi cha maada) maradufu huvutwa kwa kani maradufu, lakini pia huhitaji kani maradufu ili kichapuke vilevile, na Agosti 1971 mwanaanga David Scott wa safari ya Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya Mwezini, pasipo hewa, vikatua pamoja. Kwamba mpira unaosukumwa kwa kasi kutoka mezani huchelewa kufika sakafuni kuliko ule ulioachiwa tu: kutoka meza ya sentimita 78 yote miwili hutumia takriban sekunde 0.4, kwa kuwa mwendo mlalo hauupunguzi mvuto wa kwenda chini. Kwamba pembe bora ya kurusha ni nyuzi 45 daima: hiyo ni kweli pale tu kitu kinapotua kwenye kimo kilekile kilichorushiwa na hewa isipokizuia, na mrusha tufe, ambaye huachia tufe kutoka juu ya bega, hufika mbali zaidi kwa pembe ndogo kuliko hiyo.

La mwisho ni lile la wanaanga kuelea eti kwa sababu huko hakuna mvutano. Kwenye kimo cha kilomita 400, kinakozunguka Kituo cha Kimataifa cha Anga, mvutano wa Dunia bado ni takriban asilimia 90 ya ule wa hapa chini. Wanaanga huelea ndani ya chombo kwa sababu wao na chombo wanaanguka pamoja, huku wakienda mlalo kwa karibu kilomita 7.7 kwa sekunde, kasi inayotosha kuufanya uso wa Dunia ujipinde chini yao kwa kadiri ileile wanayoanguka. Mchoro wa kani zao ni uleule wa jiwe la mtungua maembe: mshale mmoja, kuelekea katikati ya Dunia.