Usiupe mbambakofi yurea

Wanaonunua miche ya mbambakofi kwenye vitalu vya barabarani hapa Dar huniuliza: niweke yurea, ile mbolea ya naitrojeni, kiasi gani? Nawajibu wasiweke kabisa, na wengi hudhani nawabania.

Mti huu ni wa jamii ya mikunde lakini hauna vile vinundu vya mizizini vya kunasa naitrojeni ya hewani. Umeegemea kuvu. Fukua majani yaliyooza chini ya mbambakofi mkubwa baada ya mvua, juujuu tu, utaona vijizizi vyenye ncha nene, butu, zisizo na vinyweleo. Nyuzi za kuvu zimeifunika ncha kama soksi, nyingine zimepenya katikati ya seli za nje bila kuzitoboa. Ushirika huo wa kuvu na mzizi ndio ektomikoriza.

Mti hulipa sukari, kuvu huleta naitrojeni na fosforasi kutoka mahali mzizi usipofika. Kijizizi chenyewe hakidumu: miezi kadhaa, pengine zaidi ya mwaka, kisha hufa. Kilichovaa kuvu kwa kawaida huishi muda mrefu kuliko kilicho uchi, maana hakikauki upesi wala vimelea hawakivamii kirahisi. Hili hupimwa kwa kuzika mrija unaopitisha mwanga na kushusha kamera ndani yake, kijizizi kilekile kikapigwa picha mara kwa mara hadi kigeuke cheusi na kusinyaa.

Sasa mwaga mbolea. Mti uliopata naitrojeni ya bure haulipi sukari ileile, na kuvu hupungua. Hapo hakuna ubishi mkubwa. Ubishi uko kwenye umri wa mzizi. Mzizi wenye naitrojeni nyingi hupumua kwa kasi na kula sukari zaidi, hivyo mti huweza kuutelekeza mapema. Lakini mzizi ulioangukia kwenye rutuba unaleta faida, mti uutupe wa nini? Ndiyo maana majaribio yanagongana: kwingine umri umefupika, kwingine umerefuka. Anayekupa jibu moja la miti yote usimwamini.

Kwenye mchanga wetu wa pwani, ambako masika huizamisha yurea kabla mche haujafaidi, mimi nachagua kuvu. Changanya kwenye kiriba konzi ya udongo wa juu kutoka chini ya mbambakofi mzima. Chukua wa shambani kwa mtu, kwa ruhusa yake. Usiuchote msitu wa Pugu, ni hifadhi. Na udongo huo usiuchome kuua magugu, utaua na kuvu. Majani yakipauka, weka samadi iliyoiva, kidogo.